Chaja Iliyosema Inatosha

Haya yalitokea katika nchi ambayo msomaji haijui. Akianza kudhani kwamba anaijua, namsihi apumzike kidogo, anywe maji, kisha aendelee akiwa ametulia. Siandiki ili kumlaumu mtu. Tume tatu zimekwisha kuchunguza, na zote zimekuta kwamba hakuna wa kulaumiwa isipokuwa waliokufa, nao wamesamehewa.

Sina budi kuanza na Sheria ya Inatosha, maana mtu wa nje asiyeifahamu anaweza kutuona wajinga.

Miaka mingi iliyopita, Mlezi Mkuu wa Taifa alikuwa akinywa chai na wageni. Mhudumu alimmiminia, na chai ilipokaribia ukingo wa kikombe akaacha kumimina, kwa akili yake mwenyewe. Mlezi Mkuu alimtazama, akauliza kwa upole, "Nani amekwambia inatosha?" Kweli hakuna aliyekuwa amemwambia. Wiki ile ile Bunge lilipitisha, kwa kura zote na kura mbili za ziada, sheria inayosema kwamba neno "inatosha" ni mali ya Mlezi Mkuu. Mtu mwingine akilitamka, analitamka kwa kukaimu tu, na kwa kadiri ya cheo chake.

Mambo yakawekwa sawa. Waziri aliruhusiwa kusema inatosha kwa kitu chochote kisichozidi uzito wa lori. Mkuu wa wilaya, gunia. Mwenyekiti wa mtaa, kikombe na bakuli. Raia wa kawaida hakupewa chochote, na hivyo akaondolewa mzigo wa kufikiri. Kinyozi wetu akiona ngozi ya kichwa inaanza kutoa damu, anamtuma mtu kwa mwenyekiti. Hospitalini, muuguzi hafungi dripu mpaka mkuu wa wilaya arudi kutoka semina, na yupo mgonjwa aliyepokea chupa kumi na tisa, akafariki akiwa, kwa maneno ya taarifa rasmi, "hana kiu". Askari wanaompiga mtuhumiwa nao wanabanwa na sheria hiyo hiyo. Watu wanaowalaumu kwa kutojua pa kuishia hawajaisoma.

Tulikuwa tunaishi hivyo, kwa amani, mpaka yalipokuja magari ya umeme.

*

Mlezi Mkuu alirudi kutoka safari ya nje akiwa amependezwa sana na gari lisilonguruma. Alisema katika maisha yake hajawahi kukutana na chombo chenye nidhamu kama kile. Yakaagizwa magari arobaini. Yalifika na viti vya ngozi, na mapazia, na betri kubwa chini ya sakafu, lakini hayakuwa na chaja, kwa sababu afisa aliyepitia orodha alidhani chaja ni aina ya pambo akalifuta neno hilo ili kubana matumizi. Redio ya taifa ikatangaza kwamba hayo yalikuwa makusudi. Chaja ingebuniwa nyumbani, na mikono ya wazalendo.

Kwa msomaji ambaye hakubahatika kufika huko kimasomo, nitaeleza. Umeme unaotoka ukutani ni wa kwenda na kurudi. Unageuka mara nyingi ndani ya sekunde moja. Betri haiwezi kuula umeme wa namna hiyo. Inataka unaokwenda upande mmoja. Chaja ya ndani ya gari ni sanduku la ukubwa wa mkoba wa shule, linakaa chini ya boneti, na kazi yake ni kuupokea umeme wa ukutani, kuunyoosha, kuupandisha au kuushusha nguvu, na kuilisha betri kwa kipimo. Neno kubwa hapo ni kipimo. Betri ya gari ikilishwa kupita shibe haitapiki. Inapata joto, inavimba, inatoa moshi, kisha inawaka moto ambao ndoo za maji haziuzimi. Kwa sababu hiyo, ndani ya chaja huwekwa kidude kimoja, kidogo kama punje ya harage, kinachoipima betri na kukata umeme pale inapojaa. Mafundi wanakiita kikata-umeme. Naomba msomaji akiweke akilini, kwa kuwa hadithi hii yote ni habari ya kama kitakaa ndani au kitatolewa.

Kazi alipewa Mhandisi Tausi Lwambano wa Karakana ya Taifa ya Ubunifu. Karakana hiyo zamani ilikuwa ghala la mahindi, na panya bado hawajajulishwa mabadiliko. Tausi ndiye mhandisi pekee aliyebaki; wenzake walikuwa wamehamia nje au wamekuwa madiwani. Alifanya kazi miezi kumi na moja akiwa na vyuma viwili vya kulehemu, kimoja kizima. Alitengeneza chaja arobaini, na zote zilikuwa nzuri. Hilo halikuwa limeombwa, ila yeye hakujua namna nyingine ya kutengeneza kitu.

Dereva wa gari namba moja aliteuliwa Yoramu Lwambano, kaka yake. Wazazi wao walifariki Tausi akiwa na miaka sita, na Yoramu ndiye aliyemlea. Alimsuka nywele vibaya, akaenda kwenye vikao vya shule mahali pa baba, na mwalimu alipomwambia kwamba binti huyu anauliza maswali mengi, alijibu kwamba nyumbani hawana kitu kingine cha kumpa.

Sasa, kwa utaratibu wetu, gari la serikali linapochajiwa halikai tupu. Dereva huketi ndani amefunga mkanda, vioo vimepandishwa, na maafisa wa usalama hufunga milango kwa nje, ili umeme wa taifa usiibwe. Kwa hiyo Tausi alijua tangu siku ya kwanza ni nani atakayekuwa amekaa juu ya betri.

*

Michoro ilipelekwa kwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Nguvu na Heshima, Bwana Ferdinandi Chokala. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye mhuri wake mfukoni kama wengine wanavyobeba kitambaa. Alianza kwa kuiondoa feni ya kupoza chaja, kwa sababu feni inavuma, na sauti inayovuma wakati wa wimbo wa taifa inaweza kuchukuliwa kuwa ni maoni. Mahali pa feni aliagiza taa ya kijani. Kisha kidole chake kikafika kwenye kidude.

"Na hiki?"

"Hicho kinakata umeme betri ikijaa, Mheshimiwa."

"Kwa amri ya nani?"

"Kwa kujaa kwa betri."

"Betri ina cheo gani?"

Tausi alieleza kwa robo saa nzima. Alichora. Alitaja nyuzi za joto. Alisema kwamba ndani ya gari atakuwemo mtu, na kwamba mtu huyo hataweza kufungua mlango. Bwana Chokala alisikiliza vizuri, akainuka, akafunga mlango wa ofisi mwenyewe, akarudi kuketi.

"Binti, usinifundishe," alisema. "Fizikia nimeisoma miaka minne, nikatoka na daraja la kwanza. Najua itawaka. Najua hata moshi utaanza na rangi gani." Akashusha sauti. "Lakini gari likiwaka, ile ni ajali. Ajali ina rambirambi, ina picha gazetini, waziri anakuja msibani na miwani nyeusi. Kidude kikisema inatosha mbele ya Mlezi Mkuu, ule ni uasi, na uasi una kamba. Ungekuwa mimi, ungechagua nini?"

Tausi alisema angechagua mtu asife.

"Basi ndiyo maana hujawa mimi," alisema Bwana Chokala, akaandika kwa wino mwekundu: Kiondolewe.

Hata hivyo hakuwa mtu mkatili. Alimwonyesha njia ya kisheria. Kwa kuwa neno lile linaweza kutamkwa kwa kukaimu, na wanaokaimu ni watumishi wa umma, basi kidude kingeweza kuomba kazi serikalini kama mtu mwingine yeyote.

*

Tausi alijaza fomu. Mahali pa kuzaliwa aliandika karakana. Kwenye umri aliandika wiki tatu, na afisa utumishi, kwa huruma, akaongeza miaka ishirini. Daktari wa serikali alikiwekea kidude kipimo chake cha kusikilizia moyo, hakusikia kitu, akaandika: mtulivu.

Jopo la usaili lilikuwa na watu saba. Kidude kiliwekwa juu ya kitambaa cheupe, katikati ya meza, na Tausi akaruhusiwa kukaa nyuma yake kama mlezi. Kilipotakiwa kutaja vyeo vyote vya Mlezi Mkuu, kilinyamaza, na jopo likachukulia kwamba kimezidiwa na heshima. Kilipoulizwa kama kitapokea zawadi kutoka kwa wananchi, kilinyamaza tena, na hapo wajumbe wawili wakanong'onezana kwamba huyu atawaharibia ofisi.

Swali la mwisho alilisoma mwenyekiti. Betri imejaa, lakini Mlezi Mkuu anasema endelea. Mwombaji atafanya nini?

Wote walimtazama Tausi. Naapa kwamba wote walitaka adanganye. Mwenyekiti hata alitikisa kichwa taratibu juu na chini, kumwonyesha jinsi ya kufanya. Lakini Tausi alikuwa amekilehemu kidude kile kwa mkono wake, na alijua kitafanya nini.

"Kitakata," alisema.

Taarifa ya jopo ilikuwa fupi. Mwombaji ana kiburi, hana uzoefu, na hana ndugu.

Badala yake ukawekwa utaratibu. Betri ikijaa, afisa atakayesimama karibu na gari ataandika barua kwa mwenyekiti wa mtaa, naye kwa mkuu wa wilaya, naye kwa waziri, naye kwa Mlezi Mkuu, ili neno liombwe. Tausi alipiga hesabu. Barua ikienda haraka kabisa, na kusitokee msiba wa mkubwa yeyote, ingechukua siku tisa. Betri, kutoka kujaa mpaka kuwaka, ingechukua dakika ishirini na tano. Wizara ilipokea hesabu hiyo, ikakiri kwamba tofauti ipo, na ikamwagiza ashughulike na upande wa betri.

*

Jumapili mchana Tausi alikwenda nyumbani kwa Yoramu. Alimkuta uani anapiga rangi viatu vya sherehe. Alimwambia yote, na mwisho akamwambia kwamba katika magari thelathini na tisa amekitoa kidude kama alivyoagizwa, lakini katika gari namba moja amekiacha, na hakuna atakayejua.

Yoramu aliendelea na brashi yake.

"Kitoe," alisema.

"Kaka, utaungua."

"Nimesikia. Nikiungua, marehemu ni mimi. Kikikata, marehemu ni wewe, na mimi ndiye nitakayeambiwa niendeshe gari la kukupeleka. Sasa wewe uliyesoma niambie, lipi jepesi?"

Yoramu akaanza kumtania, kama kawaida yake pakiwa pagumu. Alisema tangu utotoni dada huyu hajui kuacha kitu kilivyo. Alitengeneza redio ya jirani mpaka ikashika stesheni za nje, na jirani hajaonekana tena.

"Mzee wa watu alitaka kusikiliza mpira tu," alisema. "Kitoe, mdogo wangu. Niahidi."

Tausi aliahidi. Jumatatu jioni alimpigia simu akamwambia kwamba amekitoa. Yoramu aliamini, kwa sababu katika maisha yake yote dada yake hakuwahi kumdanganya, na kwa hiyo hakujua sauti yake inavyokuwa anapodanganya. Asubuhi iliyofuata alikwenda kunyolewa, akapigwa picha kubwa ya ukutani, na akamwonyesha mke wake mahali anapoweka hati ya kiwanja.

*

Sherehe ilifanyika katika Uwanja wa Shukrani, kuanzia saa nne asubuhi. Gari namba moja liliegeshwa mbele ya jukwaa. Yoramu aliketi ndani amefunga mkanda, milango imefungwa, na mbele ya mdomo wake kipaza sauti, kwa kuwa mwishoni alipangiwa kusoma neno la shukrani lenye aya saba. Mlezi Mkuu alishuka, akachomeka plagi kwa mkono wake, taa ya kijani ikawaka, na watu elfu sitini wakashangilia jinsi ilivyo ya kijani. Kisha akapanda kuhutubia.

Alihutubia vizuri. Saa saba kasorobo alikuwa amefika pazuri zaidi. "Sisi," alisema, "ni taifa ambalo halijui," na hapo hapo taa ikazimika.

Mpaka leo hatujaambiwa ni kitu gani tusichokijua.

Mlezi Mkuu aliitazama taa. Zikasikika bendera zikipepea.

"Nani amesema inatosha?"

Watu elfu sitini walitazama viatu vyao. Katika safu iliyotengwa kwa ajili ya wahandisi alikuwamo Tausi peke yake, naye akasimama. Alikwisha kufumbua mdomo. Lakini vipaza sauti vya uwanja vilimtangulia.

"Ni mimi, Mlezi," ilisema sauti ya Yoramu kutoka ndani ya gari. "Nimekanyaga swichi. Nilichoka."

Gari lile halina swichi ya kukanyaga. Tausi alijua, Bwana Chokala alijua, na Yoramu alijua. Taa ilipozimika alikuwa ameelewa papo hapo kwamba dada yake alimdanganya, na jibu lake halikuchukua muda mrefu zaidi ya kuwasha kiberiti.

Bwana Chokala aliitwa kurekebisha. Alifungua boneti, akainua kifuniko cha chaja, na akakiona kidude mahali pake. Alikuwa ameweka saini kwamba amehakikisha kwa macho yake mwenyewe kimetolewa. Alikitazama kama mtu anavyomtazama nyoka kitandani kwake. Kisha akachomoa klipu ya karatasi kutoka kwenye faili alilokuwa ameshika, akainyoosha, akaunganisha nayo kutoka upande mmoja wa kidude mpaka upande wa pili, ili umeme upite bila kumuuliza mtu. Taa ikawaka. Akafunga boneti, akainama.

"Itaendelea, Mlezi, mpaka utakaposema."

Mlezi Mkuu ni mtu wa huruma. Alisema hapelekwi mtu mahakamani siku ya furaha kama ile. Dereva amechoka kukaa, basi adhabu yake ni kuendelea kukaa. Na asome neno lake la shukrani sasa, ili muda usipotee.

Yoramu alisoma. Tausi alikuwa amekwisha kuruka uzio na kufika hatua chache kutoka kwenye gari, ambapo maafisa wawili walimshika mikono, kwa adabu, maana alikuwa mgeni mwalikwa. Aya ya kwanza ilihusu barabara. Aya ya pili ilihusu maji safi. Alisoma kila moja mara mbili, kwa madaha, kama mtu mwenye nafasi, na mimi naamini alikuwa akimpa Mlezi Mkuu muda wa kusema lile neno. Katika aya ya tatu moshi ulianza kupanda kutoka chini ya sakafu, na ulikuwa mweupe. Nilimwona Bwana Chokala akitikisa kichwa kidogo kukubali, kama mwanafunzi aliyepata jibu.

Gari lile lilikuwa jepesi kuliko lori. Mawaziri kumi na wanane walikuwa jukwaani, na kila mmoja wao aliruhusiwa na sheria kusema inatosha. Lakini ni nani atakayelitumia neno la mtu mwenyewe akiwapo? Walimtazama Mlezi Mkuu, naye alikuwa anamtazama Yoramu akisoma, kwa sababu alilelewa vizuri na hamkatizi mtu anayeshukuru.

Yoramu alikohoa, akaiacha karatasi.

"Tausi," alisema, "geukia pembeni."

Baada ya hapo vipaza sauti vilitoa mambo mengine ambayo hayakuwamo katika hotuba iliyoidhinishwa, hivyo sitayaandika. Viliponyamaza, Mlezi Mkuu alipiga makofi matatu.

"Hotuba nzuri," alisema. "Inatosha."

*

Tume ya kwanza ilikuta kwamba chaja ilitii kwa asilimia mia moja. Marehemu alipewa Nishani ya Utii, iliyopokelewa na mke wake kwa kuwa haikupatikana sehemu ya mwili wa mumewe ya kuivalisha. Tausi alipongezwa kwa barua. Na Mlezi Mkuu, baada ya kutafakari, aliona kwamba kukaa ndani ya gari la taifa likichajiwa ni heshima kubwa mno kwa madereva. Akaamuru kwamba kuanzia sasa wakae viongozi, mmoja mmoja, kwa mpangilio wa sifa zao. Wa kwanza awe yule aliyeirudisha taa ya kijani.

Bwana Chokala alifika karakana asubuhi moja, kwa miguu, bila msaidizi. Tausi alikuwa mezani kwake. Mbele yake palikuwa na kopo la kahawa, na ndani ya kopo vile vidude thelathini na tisa vilivyotolewa.

Alimwita mwanangu. Alisema kwamba ana kisukari, na mama yake bado yu hai. Alisema kwamba ile siku alikiona kidude mahali pake na hakumtaja mtu, jambo ambalo lilikuwa kweli. Halafu akalia, bila sauti, akiwa amekunja mikono kama mtu anayesubiri kuhudumiwa. Mwisho akaomba kimoja.

Tausi alimsikiliza mpaka akamaliza. Hakumkumbusha lolote. Alisema tu kwamba yeye ni mtumishi, na haweki kifaa ndani ya gari la serikali bila barua ya ofisi inayokihitaji.

"Barua ya kusema nini?" aliuliza Bwana Chokala.

"Ya kusema unachokitaka, Mheshimiwa."

Alikaa na kalamu mkononi kwa muda mrefu. Mtu wa cheo chake anajua barua ni kitu gani. Lakini alikuwa anajua pia moshi unaanza na rangi gani. Akaandika, akatia saini, akatoa mhuri mfukoni, akapiga. Tausi aliifungia barua kwenye faili, akapasha moto chuma cha kulehemu, na akakilehemu kidude ndani ya chaja, Bwana Chokala akitazama. Alikijaribu mara tatu, na mara zote tatu taa ilizimika barabara. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya. Bwana Chokala alimbusu mikono.

Siku yake ilipofika uwanja ulijaa tena. Mlezi Mkuu alichomeka plagi. Betri ilijaa, na dakika ile ile, si kabla wala baada, taa ikazimika. Ndani ya gari Bwana Chokala alikuwa mzima, anapumua, na kipaza sauti mbele yake.

Aliulizwa nani amesema inatosha. Akaanza kueleza. Kwa mara ya kwanza tangu aache chuo, alifundisha fizikia, mbele ya watu elfu sitini: mkondo, joto, betri, shibe yake. Waliokuwapo wanasema hawajawahi kumsikia mwalimu mzuri vile. Alipofika kwenye mfano wa tatu, Tausi alipanda jukwaani, hatua kwa hatua, akaitoa barua kwenye faili akamkabidhi Mlezi Mkuu kwa mikono miwili.

Walimnyonga Alhamisi. Walimshusha Jumatatu, mkuu wa wilaya aliporudi kutoka semina.

*

Yamebaki magari thelathini na manane ambayo hayajachajiwa, na orodha ya wanaostahili heshima imekwisha kubandikwa. Wamo mawaziri wote kumi na wanane, wamo majaji, yumo mwenyekiti wa lile jopo la usaili. Kila asubuhi pana foleni nje ya lile ghala la zamani la mahindi: suti nyeusi, bahasha mkononi, hakuna anayezungumza na mwenzake.

Tausi anawaita mmoja mmoja. Hawagombezi, na hamtaji kaka yake. Anatoa kidude kwenye kopo la kahawa, anakiweka juu ya kiganja, na kwa mkono wa pili anashika chuma cha kulehemu, tayari kina moto.

"Nikiweke, au nisikiweke?" anauliza.

Wa kwanza aliingia Jumanne. Leo ni Ijumaa, na bado amesimama pale, anakitazama.